Usikate shina la yungiyungi likiwa bado kijani
Kwenye bustani nyingi za Nairobi, ua la yungiyungi (lily ya bustanini, si ile ya majini) likinyauka tu, shina lote linafyekwa hadi chini. Watu wameambiwa tangu zamani kwamba hivyo ndivyo mmea unavyopata nguvu ya kuchanua tena. Sivyo.

Yungiyungi huishi kwa kitunguu kilicho ardhini, na kitunguu hicho hulishwa na majani. Maua yakiisha, majani yanaendelea kutengeneza chakula cha akiba ya msimu ujao. Ukiyaondoa mapema, utakuja kuona shina jembamba lenye maua machache, au lisilo na ua kabisa.

Kata ua lililonyauka pekee, pamoja na kile kifuko kidogo cha kijani kinachobaki petali zikidondoka; hicho ndicho kinachotunga mbegu na kula nguvu za mmea. Shina liache ligeuke manjano na kukauka lenyewe.

Wakati wa masika na vuli, hofu kubwa ni maji kutuama, hasa kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi kama ule wa Embakasi. Vitunguu huoza. Panda kwenye tuta lililoinuliwa. Na mwenye paka, tafadhali, asipande kabisa: hata chavua yake huharibu figo za paka.