Bahari inaanzia Hombolo

Mvua ikinyesha vizuri Dodoma, korongo hugeuka mto kwa nusu siku. Maji mekundu yanashuka kwa kishindo yakiwa yamebeba kila kitu ambacho mji umekitupa: chupa za plastiki, ndala, mabua, na udongo mwingi kuliko vyote hivyo. Msimu mmoja nilisimama ukingoni, upande wa Hombolo, pamoja na mzee mwenyeji wa pale. Aliyatazama maji kwa muda, kisha akaniambia, "Mwanangu, haya hayakai hapa. Yanakwenda Gulwe, yanakwenda Kilosa, mwisho yanawafikia wenzetu wa pwani."

Mzee alikuwa sahihi. Kinyasungwe Mdogo unaingia bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, na maji yanayopita bwawa yanaendelea mashariki hadi yanaitwa Mkondoa yakifika upande wa Kilosa, halafu Wami, halafu yanaingia Bahari ya Hindi pale Saadani. Wanaosafiri na reli ya kati wanayafahamu, kwa sababu kati ya Gulwe na Kilosa mafuriko yameing'oa njia ya reli mara nyingi. Si mkoa mzima unaomwaga maji huko, kwani upande wa magharibi Mto Bubu unaishia kwenye ardhioevu ya Bahi na maji yake hayaioni bahari kamwe. Ila uchafu wa upande wetu huu wa mashariki una safari ndefu.

Nayasema haya kwanza kwa sababu ya swali ninaloulizwa karibu kila ninapotaja kazi yangu: "Wakili, sheria za bahari na Dodoma, wapi na wapi?" Jibu langu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni hilo korongo. Ya pili ni jengo la Bunge. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohusu Jamhuri ya Muungano ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Ahadi ambayo nchi inaitoa leo kwa ulimwengu kuhusu bahari inapita hapa, kilomita mamia kutoka kwenye wimbi la karibu.

Tuanze na Katiba yenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanapokosea, wakiwemo wanasheria. Ukiipekua Katiba ya mwaka 1977 ukitafuta maneno "haki ya mazingira safi", hutayakuta. Utakachokuta ni ibara mbili zinazotazamana. Ibara ya 9 inaielekeza Serikali ihakikishe utajiri wa Taifa unaendelezwa, unahifadhiwa na kutumiwa kwa manufaa ya wananchi wote. Ni maneno mazito, lakini rudi nyuma kidogo, ibara ya 7(2): masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi kwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Huwezi kuishitaki Serikali kwa kuivunja ibara ya 9 peke yake. Ibara ya 27, kwa upande wake, inasema kila mtu ana wajibu wa kulinda maliasili ya Jamhuri ya Muungano. Hii imo katika sehemu ya haki na wajibu, ambayo mahakama inaweza kuisimamia.

Kwa hiyo wajibu wa mvuvi na mkulima una meno, na wajibu wa Serikali umeandikwa kama mwelekeo. Sijawahi kuuona mgawanyo huo kuwa wa haki. Mwenye mtumbwi anabebeshwa mzigo wa kulinda samaki kwa nguvu ya Katiba, na mwenye mamlaka ya kutoa vibali vya meli anapewa dira. Mwaka 2014, Bunge Maalum la Katiba lilipokaa hapahapa Dodoma, tulipata nafasi ya kulirekebisha hilo. Suala la mazingira safi na salama liliingizwa kama haki, lakini Katiba Inayopendekezwa haikufika kwenye kura ya maoni. Majirani zetu wa Kenya walimaliza kazi hiyo mwaka 2010. Ibara ya 42 ya Katiba yao inatoa haki hiyo wazi, na ya 70 inamruhusu mtu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia.

Hata hivyo mahakama zetu hazikukaa zikisubiri. Haki za msingi ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Mwaka huohuo wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walikuwa Mahakama Kuu wakilalamikia dampo la jiji lililokuwa likiwaka na kutoa moshi na harufu katikati ya makazi yao. Waliposhinda, halmashauri ikawa inaomba muda wa kuendelea kumwaga taka, ikiongezewa inaomba tena. Jaji Lugakingira aliyakataa maombi hayo. Alishangaa kwamba mamlaka ya umma inaweza kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua, akaunganisha moshi ule na ibara ya 14, haki ya kuishi. Ndipo taka zikahamia Kunduchi Mtongani, pwani kabisa, na wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani na wakashinda.

Ninaipenda kesi ya Tabata kwa sababu moja ya kitaalamu. Ilitengeneza haki ya mazingira kutokana na haki ambayo tayari tunayo. Kama hewa yenye sumu inagusa haki ya kuishi, basi maji yenye sumu yanaigusa, na mtu ambaye chakula chake chote kinatoka baharini anaguswa na bahari inayokufa. Sijaiona hoja hiyo ikipelekwa mahakamani hadi mwisho wake kwa upande wa bahari. Iko wazi, inamsubiri wakili mwenye subira.

Baadaye Bunge likaandika kwa herufi kile ambacho jaji alikitoa kwa tafsiri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema katika kifungu cha 4 kwamba kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinampa mlango wa kwenda mahakamani haki hiyo inapotishiwa, na cha 6 kinamkumbusha wajibu. Mlango huu ulipanda thamani kuliko zamani. Mwaka 2020 Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi ilirekebishwa, ikamtaka anayefungua shauri la kikatiba aeleze kwa kiapo jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Jodari hawezi kula kiapo. Kasa anayetaga ufukwe wa Madete, Saadani, hawezi pia. Ndiyo maana wateja wangu wa masuala ya mazingira niliwashauri waanze na sheria ya 2004 kabla ya kukimbilia Katiba.

Sasa tutoke nje ya mipaka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria za Bahari ulitiwa saini Montego Bay, Jamaica, tarehe 10 Desemba 1982. Tanzania iliuridhia mwaka 1985, na ukaanza kutumika duniani Novemba 1994. Nchi yetu haikuwa mtazamaji. Jaji Joseph Warioba, ambaye vijana wanamfahamu zaidi kwa Tume ya Mabadiliko ya Katiba, alikuwa miongoni mwa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria za Bahari iliyoko Hamburg. Jaji James Kateka naye alikaa kwenye kiti hicho kwa miaka mingi baadaye.

Mkataba huo ndio unaotupa maili 12 za bahari ya kitaifa na ukanda wa uchumi wa hadi maili 200, mambo tuliyoyaweka katika sheria ya ndani mwaka 1989. Watu hupenda kuzitaja maili hizo kama mali. Ni kweli, ni mali. Ila ibara ya 56 inayotupa haki za kiuchumi inafuatiwa na ya 61, inayotutaka tuhakikishe samaki hawavuliwi kupita kiasi, na ya 192, ambayo ni fupi sana na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote: mataifa yana wajibu wa kulinda na kuhifadhi mazingira ya bahari. Haina "inapowezekana" wala "kwa kadiri ya uwezo".

Wengi tunaukumbuka mwezi Machi 2009, meli ya Tawariq 1 ilipokamatwa ndani ya ukanda wetu ikiwa na shehena ya jodari. Wananchi wakawaita "samaki wa Magufuli", kwa kuwa hayati Magufuli ndiye aliyekuwa waziri wa uvuvi wakati huo. Washitakiwa walitiwa hatiani Mahakama Kuu mwaka 2012, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikafuta yote. Ninapoifundisha kesi hii, nawataka wanafunzi waisome pamoja na ibara ya 73 ya Mkataba. Nchi ya pwani inaweza kupanda meli, kuikagua, kuikamata na kuishitaki, lakini lazima iiachie haraka dhamana inayofaa ikiwekwa, na adhabu ya kifungo haitakiwi kwa kosa la uvuvi ndani ya ukanda wa uchumi isipokuwa nchi husika zimekubaliana hivyo. Kukamata ni kazi ya siku moja. Kushinda kesi kunahitaji hati zilizokaa sawa, na bahari hailindwi na kesi iliyovunjika.

Kuna jambo ambalo raia anapaswa kulielewa kabla hajabeba mkataba wa kimataifa kwenda nao mahakamani. Kwetu, mkataba ulioridhiwa haugeuki kuwa sheria ya ndani papo hapo. Nchi inafungwa nao mbele ya mataifa mengine, lakini ili hakimu wa wilaya amhukumu mtu kwa huo, lazima Bunge liutungie sheria. Ndiyo sababu tuna sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994, iliyotuletea Hifadhi ya Bahari ya Mafia mwaka uliofuata, na sheria ya uvuvi wa bahari kuu ya mwaka 2020. Pale ambapo mkataba upo na sheria haipo, mwananchi anabaki na ahadi mkononi.

Isipokuwa kwenye Jumuiya. Mkataba wa Afrika Mashariki una mahakama yake Arusha, na mkazi wa nchi mwanachama anaweza kuifikia moja kwa moja. Mwaka 2010 shirika moja la kutetea wanyama la Kenya liliishitaki Tanzania huko kuhusu barabara iliyopangwa kukatiza kaskazini mwa Serengeti. Mwaka 2014 mahakama ikaizuia Serikali kujenga barabara ya lami ndani ya hifadhi, na msingi wa hukumu ulikuwa masharti ya Mkataba wa Jumuiya kuhusu mazingira. Najua iliwaudhi wengi hapa nyumbani. Mimi naiona kuwa miongoni mwa hukumu zenye manufaa makubwa zilizowahi kutuhusu, kwa sababu ilithibitisha kwamba sura ya mazingira katika mkataba ule si mapambo. Ziwa Victoria na bahari yetu vimo katika sura hiyohiyo.

Nirudi korongoni. Ibara ya 207 ya Mkataba wa Sheria za Bahari inazitaka nchi zitunge sheria za kuzuia uchafuzi wa bahari unaotoka nchi kavu, na inataja mito kwa jina. Katika mijadala yetu ya bahari, ibara hii karibu haitajwi. Tunazungumzia baruti, kokoro na meli za kigeni, tunausahau mto. Pale Wami unapoingia baharini kuna mikoko, na kamba wa Bagamoyo na Saadani hukulia katika maji ya namna hiyo, ya chumvi na baridi yaliyochanganyika. Udongo ukizidi, maji yakizidi plastiki, hakuna doria ya baharini itakayosaidia. Tulipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, kwa kanuni zilizotungwa chini ya sheria ile ya 2004, watu waliiona kama habari ya usafi wa masoko. Kisheria, kila mfuko usioingia korongoni Dodoma ni utekelezaji wa ibara ya 207.

Na kifungu cha 57 cha sheria hiyohiyo kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa, ziwa au ufukwe. Kifungu kimoja kinafunika ukingo wa Kinyasungwe na ufukwe wa bahari kwa pumzi moja.

Siku ile ya mvua, maji yalipopungua, tulipima mimi na yule mzee kwa kamba ya katani kutoka ukingoni. Tanuri la kwanza la matofali lilikuwa mita 22. Lori la mchanga lilikuwa limeegeshwa ndani ya korongo lenyewe, magurudumu yakiwa yamezama. Jioni tuliandika barua ya malalamiko kwa kijiji na nakala kwa afisa mazingira wa wilaya, tukataja kifungu cha 57 na vipimo vyetu. Watu 14 walitia saini, wengine dole gumba. Mzee aliomba nisome kwa sauti barua nzima kabla hajaweka la kwake, na nilipofika mwisho akasema kuna kitu nimekisahau. Tukaongeza mstari mmoja, kwamba maji haya yanafika Saadani.