Mfadhili wa utafiti si lazima awe mmiliki wa uvumbuzi

Wengi huamini kwamba serikali ikigharamia utafiti wa chuo kikuu, uvumbuzi unaopatikana ni mali yake. Nchini Marekani sivyo. Sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980 inakiruhusu chuo kubaki na umiliki na kuzipa kampuni leseni. Serikali hupata haki ya kuutumia uvumbuzi huo bila malipo.

Hata hivyo, chuo nacho hakiwi mmiliki kwa sababu tu maabara ni yake. Mwaka 2011, katika kesi ya Chuo Kikuu cha Stanford dhidi ya kampuni ya Roche, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishikilia kwamba mwenye haki wa kwanza ni mvumbuzi mwenyewe. Kilichoiponza Stanford ni maneno machache ya mkataba: mtafiti wake alikuwa amekubali kwamba atakihamishia chuo haki zake, kisha akaenda kujifunza kwenye kampuni ya Cetus na kusaini hati iliyosema anazihamisha papo hapo. Biashara husika ya Cetus baadaye ilinunuliwa na Roche, ambayo ikadai haki hizo. Kilichogombaniwa kilikuwa kitu kizito: mbinu ya kupima wingi wa VVU mwilini.

Watafiti, nawasihi, hati yoyote ya kampuni mnayoitembelea isomwe kwanza na mwanasheria wa chuo.