Hema limechanika: nani alipe?

Kazi yangu hapa Malindi ni kushona, kuziba na kurekebisha vifaa vya safari za nje: mahema ya wanaokwenda kulala Marafa, mabegi ya mgongoni, mashua za kupuliza, tiara za wanaoteleza juu ya maji upande wa Mambrui. Kabla mteja hajauliza bei, huuliza hili: "Fundi, hii ni juu yangu au ni juu ya kampuni?" Nalijibu kwa urefu leo kwa sababu naona watu wakilipishwa makosa yasiyo yao, na wengine wakizidai kampuni kwa makosa waliyoyafanya wenyewe.

Dhamana nyingi za vifaa hivi zina msingi mmoja. Kampuni hujibu kasoro ya malighafi na kasoro ya utengenezaji. Ajali, uchakavu wa kawaida na utunzaji mbaya ni vya mwenye mali. Mgawanyo huo ni wa haki na nautetea. Cheche ikiruka kutoka kwenye moto wako ikatoboa hema, aliyelishona hakukosea kitu. Na wateja wanaoficha ajali huwaumiza wenzao. L.L.Bean, kampuni ya Marekani ya nguo na vifaa vya safari za nje, ilikuwa inapokea bidhaa zake zikirudishwa bila kikomo cha muda, mpaka Februari 2018 ilipoweka mwaka mmoja na sharti la kuonyesha ushahidi wa ununuzi, kwa sababu watu walikuwa wakirudisha vitu vilivyokwisha kuchakaa, hata walivyonunua mitumba. REI, maduka mengine ya vifaa hivi hukohuko Marekani, nayo ilikuwa imeshafupisha muda wake mwaka 2013.

Lakini ajali inajulikanaje? Kampuni nyingi hutazama kifaa kilikuwa mikononi mwa nani kilipoharibika, na kwa kuwa kilikuwa kwa mteja, basi ni mteja. Mimi natazama uharibifu ulianzia wapi.

Leta kitambaa kwenye mwanga. Ikiwa uzi umekatika na kitambaa chenyewe ni kizima, kagua mshono jirani. Ukiuvuta kidogo nao ukaachia, na hema halijatumika sana, hiyo ni kasoro ya kiwandani. Kitambaa kikichanika kwa kufuata matundu ya sindano, mstari mnyoofu kama ukingo wa stempu, ama matundu yamesongamana mno au mshono umepita pembeni kabisa bila akiba ya kitambaa. Hilo ni la kampuni hata kama lilitokea siku ya kusi kali, maana anayeuza hema anajua litapigwa na upepo. Mpasuko ulioanza katikati ya kitambaa, wenye kona, mara nyingi ni mwiba, msumari au tawi. Nailoni iliyoguswa na moto huyeyuka na kuacha ukingo mgumu unaong'aa. Hapo hakuna mjadala.

Zipu nazo husingiziwa. Meno yakiwa sawa lakini yanafunguka nyuma ya kichwa baada ya kupita, kinachokwisha ni kile kichwa, kimelika kwa chumvi na mchanga. Huo ni uchakavu, na tiba yake ni kubadilisha kichwa peke yake. Kuna mafundi wanaong'oa zipu nzima na kumtoza mtu pesa nyingi bila haja. Lakini zipu ikishonwa kitambaa kikiwa karibu na meno kiasi kwamba kichwa kinakimeza kila ukifunga, hilo ni kosa la aliyeibuni, na ukionyesha picha iliyo wazi, kampuni makini haitabishana nawe.

Kijana mmoja anayeongoza wageni Watamu aliniletea hema alilokodi. Mwenye duka alikuwa anamdai bei ya hema jipya kwa sababu ya ufito mmoja uliovunjika.

"Shikamoo mzee. Wanasema nilipe hema zima."

"Marahaba mwanangu. Ufito wenyewe uko wapi?"

Nikaugeuza mdomo wake kwenye dirisha. Alumini ilikuwa imepasuka kwa urefu kuanzia mwisho wa bomba. Hivyo ndivyo inavyopasuka pale kipande kisipoingizwa mpaka mwisho kwenye kiungo, na hilo ni kosa la aliyesimamisha hema. Ila ndani ya ule ufa, mpaka chini ya kiungo, palikuwa na unga mweupe. Huo ni ulaji wa chumvi, na hautokei kwa usiku mmoja. Ufito ulikuwa umeshadhoofika kabla kijana hajaushika. Nilimwandikia hayo kwenye karatasi na picha juu yake, nikamwambia ajitolee kulipia ufito, tena nusu yake. Hata angekuwa amekosea peke yake, anayedai bei ya hema jipya badala ya hema lililokodishwa misimu kadhaa anatafuta faida. Fidia ni kumrudisha mtu alipokuwa, na mwenye duka alikuwa na hema kuukuu lenye kutu.

Kwa hiyo ukikodi, lifungue hema palepale dukani mbele ya mwenyewe, piga picha za fito, zipu na kona za sakafu, kisha mpelekee picha hizo kwa simu kabla hujaondoka. Na wewe unayekodisha, fanya vivyo hivyo. Picha ya kabla humaliza ugomvi wa baadaye kwa wema.

Pwani yetu ina jambo lingine ambalo wateja wa nchi za baridi hawakutani nalo haraka hivi. Mahema mengi hupakwa poliyurethani ili yasipitishe maji, na soli za kati za baadhi ya mabuti hutengenezwa kwa poliyurethani hiyohiyo. Joto na unyevu huivunja polepole. Hema hunata likifungwa, hutoa harufu ya uchachu, kisha ule utando hubanduka vipandevipande. Buti nalo husagika soli hata likiwa halijavaliwa, ndani ya boksi lake. Mteja anaapa hajalivaa, kampuni inasema hakulihifadhi vizuri, na wote wawili wanasema kweli.

Rai yangu ni hii. Ukilifunga hema likiwa bichi na kulisahau kabatini, gharama ni yako. Lakini umri wa poliyurethani huanza kiwandani, haungoji risiti. Muuzaji aliyekaa na buti miaka kwenye bohari la bati kisha akakuuzia kama jipya, amekuuzia muda ambao haupo tena. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, mara nyingi iko kwenye kitambulisho kilichoshonwa ndani, na udai haki yako kwa tarehe hiyo.

Haki hiyo ipo kisheria. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa amedhamini ubora wa kuridhisha, hata asipoandika. Lile tangazo la "mali ikishauzwa hairudishwi" haliifuti dhamana hiyo kwa kitu chenye kasoro. Pale maneno yanaposhindikana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili.

Bado kuna deni moja ambalo kampuni nyingi hazilitaji. Ajali ikiwa yangu, gharama nalipa mimi. Ila siwezi kulipia matengenezo ikiwa ufito hauuzwi peke yake, vali ya mashua imegandishwa isibadilishwe, na soli imeungwa kwa namna isiyobanduka. Hapo kampuni imegeuza ajali ndogo kuwa ununuzi mpya, na sehemu hiyo ya hasara ni yake. Inawezekana kufanya tofauti: Patagonia, kampuni ya Marekani ya nguo na vifaa vya safari za nje, ina karakana yake ya matengenezo huko Reno, Nevada, na imeshirikiana na iFixit, tovuti ya maelekezo ya ufundi, kutoa maelekezo ya mtu kujirekebishia mwenyewe. Unapomwandikia muuzaji kuhusu uharibifu uliousababisha, sema wazi kwamba ni ajali, kisha omba kipuri na bei yake badala ya kuomba kifaa kipya. Barua za namna hiyo nimewasaidia wateja wengi kuziandika, na ndizo zinazojibiwa. Zile za kudai hema jipya kwa tundu la cheche hurudi na aya moja ya dhamana iliyonakiliwa, na hema linabaki na tundu lake.