Leseni ya mtumiaji: kipi mnagawana, kipi hamgawani

Mtu wa Mwanza hahitaji kufundishwa neno leseni. Shuka mwaloni Kirumba au Igombe, muulize mwenye mtumbwi. Atakuambia kwamba leseni ya uvuvi haikumpa ziwa, imempa ruhusa ya kuvua, kwa jina lake na kwa muda uliotajwa. Shemeji yake hawezi kuibeba akaenda kuvulia Ukerewe. Ila sato akishatoka majini ni wake, auze au awape majirani wakafanye mboga.

Usajili wa kulipia wa kamusi, ensaiklopidia au majarida ya mtandaoni ndivyo ulivyo. Kitabu ulichonunua ni mali yako: utakiazima, utakirithisha, utakiuza. Usajili ni ruhusa tu ya kuingia na kusoma, na masharti yake ndiyo yale uliyoyakubali bila kuyasoma. Mara nyingi mojawapo linasema akaunti ni ya mtu mmoja na nywila haigawiwi.

Mimi nililijua hilo kwa hasara. Tulikuwa kumi na wawili kwenye grupu la WhatsApp, tukachanga, tukalipia usajili mmoja wa majarida ya uvuvi kwa jina langu. Nikaitupia nywila kwenye grupu. Siku ya tatu mmoja kaingia akiwa Nyegezi, mwingine Sengerema, wa tatu Musoma, wote ndani ya saa moja. Akaunti ikafungwa, hela haikurudi. Nilinuna wiki nzima, lakini sharti lilikuwepo, limeandikwa kabisa.

Sasa samaki wa kugawana ni yupi? Ni taarifa yenyewe. Kwamba sangara si mwenyeji wa Ziwa Victoria, alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950, si mali ya mchapishaji yeyote, hata kama wewe umelipia kuisoma. Hakimiliki hulinda maandishi, picha na michoro. Ukweli wenyewe haina mamlaka nao. Kwa hiyo mwenzako akiuliza, wewe mwenye usajili unaingia, unasoma, unamjibu kwa maneno yako na kumtajia jarida, mwaka na ukurasa. Ukihitaji kunukuu sentensi mbili tatu, nukuu na utaje chanzo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaruhusu nukuu za kiasi. Kutuma PDF nzima kwa watu mia mbili ni habari nyingine. Hapo mfano wangu wa samaki unavuja, maana makala ni jasho la mtu, haikujizalia ziwani. Zipo leseni zinazoruhusu kumpelekea mtafiti mwenzako nakala moja, basi tafuta mstari huo kwenye masharti kabla ya kubonyeza "tuma".

Njia safi zaidi ni jumuiya yenyewe kupewa leseni. Wahariri wa kujitolea wa Wikipedia, wa Kiswahili wakiwemo, wana maktaba yao iliyofunguliwa kwa makubaliano na wachapishaji. Mhariri anaingia kwa akaunti yake mwenyewe, bila malipo, mradi ameshahariri angalau mara 500, akaunti ina miezi sita, na amehariri mara kumi katika siku 30 zilizopita. Hakuna anayeomba nywila ya mtu. Kwa taasisi kuna Research4Life, mpango wa kuzifungulia majarida ya utafiti, ulioanza na Hinari, mpango wa majarida ya afya wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2002. Vyuo na hospitali za nchi zenye kipato kidogo hujisajili, kisha watu wao husoma. Kama uko chuoni, muulize mkutubi kwanza. JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, nayo humruhusu mtu binafsi aliyejiandikisha kusoma makala 100 kwa mwezi bure.

Grupu letu halikufa. Juu kabisa tumebandika orodha fupi: nani ana usajili wa nini. Anayetaka kitu anamuuliza mwenye nao, naye hujibu jioni akishatoka kazini, ukurasa ukiwa umetajwa.