Kaske ya polisi na kaske ya kichwa: maswali ya abiria wa moto (pikipiki) mjini Goma

Simama asubuhi pale Rond-point Signers uangalie. Motari, mwendesha pikipiki, anakuja na kaske, ile kofia ngumu ya kukinga kichwa, ikining'inia kwenye mkono, anawaona polisi wa rulaje, yaani wa barabarani, anaivaa haraka. Akishawapita, inarudi mkononi. Abiria nyuma yake kichwa wazi. Maswali yanayofuata ni ya abiria huyo, maana motari huwa anaambiwa kila siku.

Hii ya kulazimisha kaske si mbinu ya rulaje ya kutafuta franka tu?

Naelewa kwa nini watu wanasema hivyo. Lakini Kanuni ya Barabara ya Kongo ni ya tarehe 30 Agosti 1978, na kaske imo. Hesabu za kwanza kuhusu faida yake zilifanywa na Hugh Cairns, daktari mpasuaji wa ubongo wa Uingereza, aliyeandika mwaka 1941 kuhusu vichwa vya wanajeshi waendesha pikipiki. Jimbo la Victoria huko Australia likaweka sheria ya kuivaa mwaka 1961. Halafu tazama: ukivuka mpaka wa Grande Barrière kwenda Gisenyi, Rwanda, motari wa kule anakupa kaske ya pili kabla ya kuondoka, na wewe unaivaa bila neno.

Mimi natoka Majengo naenda Birere, polepole. Nivae ya nini?

Ukikaa kwenye pikipiki, kichwa chako kiko karibu mita moja na nusu juu ya barabara. Kikianguka kutoka hapo, hata kama pikipiki imesimama, kinafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Na chini kwetu ni nini? Mawe ya volkano ya Nyiragongo. Lava ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji, na mawe yake bado yana meno. Gari si lazima liwepo.

Kaplastiki haka kanazuia nini?

Plastiki ya nje inazuia jiwe lisitoboe na inatawanya kishindo. Kazi kubwa ni ya lile povu gumu jeupe la ndani, kama lile linalofungiwa televisheni kwenye katoni. Linabondeka, na kwa kubondeka linakipa kichwa nafasi ya kusimama taratibu kidogo, badala ya ubongo kugonga ghafla ukuta wa fuvu. Tafiti nyingi zikijumlishwa zinaonyesha kwamba kaske inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Povu likishabondeka halirudi, kwa hiyo kaske iliyokwisha kuanguka na mtu imemaliza kazi yake, hata kama inang'aa. Na ile isiyofungwa mkanda kidevuni inaruka kabla yako. Kofia za mafundi wa ujenzi, ambazo nazo naziona barabarani, hazikutengenezwa kwa kazi hii.

Ndugu yangu alianguka, akasimama mwenyewe, akacheka. Usiku hali ikabadilika. Ilikuwaje?

Swali hili ndilo linalonisumbua kuliko yote. Kwenye panja, mbele ya sikio, mfupa ni mwembamba, na ndani yake unapita mshipa wa damu. Mfupa ukipasuka, mshipa unaweza kuchanika. Damu inajikusanya pole pole kati ya fuvu na ubongo, na mtu anaongea, anakula, anadai pesa zake. Saa kadhaa baadaye nafasi inakwisha, damu inaanza kuukandamiza ubongo.

Kwa hiyo aliyegonga kichwa asilale peke yake usiku ule. Mwamsheni, mwulizeni jina lake na yuko wapi. Mkiona kichwa kinazidi kuuma, anatapika tena na tena, usingizi mzito, maneno yanapotea, mkono au mguu mmoja unalegea, mboni ya jicho moja kubwa kuliko nyingine, kifafa, damu au maji yanatoka puani au sikioni, msingoje kupambazuke. Asinywe pombe, wala aspirini au ibuprofeni, maana zinaweza kuongeza kutoka damu.

Kaske ya motari inanuka, imevaliwa na watu hamsini. Na mpox je?

Mama, hapo una haki. Mapunye na chawa vinaweza kupita kwenye kaske, na mpox inaambukiza kwa kugusana ngozi na pia kwa vitu vilivyoguswa na mgonjwa. Beba kitambaa chepesi chako, ukifunge kichwani kwanza, ukifue ukifika nyumbani. Kisiwe kinene, kaske isije ikacheza juu ya misuko. Anayepanda kila siku bora anunue yake: aitikise kichwani, ikizunguka peke yake ni kubwa. Atafute pia alama ya herufi E ndani ya duara, inayoonyesha kwamba kaske imepimwa ubora.

Mtu ameanguka na kaske yake, tumvue?

Akiwa anapumua, hapana. Shingo inaweza kuwa imevunjika. Fungueni kioo cha mbele, mmoja ashike kichwa kisigeuke, wengine wazuie pikipiki zinazokuja. Asipopumua, ivueni: mmoja anashikilia shingo na kidevu, mwingine anaipanua pembeni na kuivuta taratibu.

Wala msimbebe amekaa katikati ya watu wawili kwenye moto nyingine. Tafuteni gari, alale chali, shingo imenyooka.