Sura ya Programu Huria Ikibadilika: Dhana Potofu na Ukweli

Dada mmoja anayechapa barua na wasifu wa watafuta kazi katika steshenari ya Mwenge hatafuti kitu kwenye skrini anapotaka kutoa nakala. Macho yake yako kwenye karatasi ya mteja, na mkono wa kulia unajua wenyewe pale alama ndogo ya printa ilipo. Siku fundi alipomwekea upya LibreOffice, programu huria ya kuandikia, na kumchagulia sura ya vichupo, yaani amri zilizogawanywa katika kurasa juu ya skrini, alama ile ilihamia kwenye kichupo cha faili, naye akabaki ameshika kipanya huku foleni ya wateja ikifika barazani. Nilimwonyesha kwamba sura ya zamani ingalimo, akairudisha kwa kubofya mara chache. Lakini neno lake la hasira lilinibaki: alisema kwamba programu za bure hazina mwenyewe wa kulalamikiwa.

Dhana hiyo nimeisikia hata kwa wanafunzi wa kompyuta hapa Dar es Salaam, nayo ina pacha wake anayesema kinyume: kwamba kwa kuwa msimbo chanzo, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi, programu huria ni mali ya wote, na kwa hiyo kila badiliko hupigiwa kura. Zote mbili si sahihi. Miradi huria ina wenyewe, kwa maana ya watunzaji wenye mamlaka ya kupokea au kukataa msimbo unaoletwa. Leseni humpa kila mtu haki ya kutumia programu, kuisoma, kuibadili na kuisambaza, lakini haimpi haki ya kuamua toleo lijalo la mradi liweje. Mwaka 2010, mfumo endeshi wa Ubuntu, toleo la 10.04, ulipohamisha vitufe vya kufunga na kupunguza dirisha kutoka kulia kwenda kushoto, malalamiko yalikuwa mengi, na mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth, alijibu waziwazi kwamba maoni mazuri na takwimu vinakaribishwa, ila usanifu haupigiwi kura. Vitufe vilikaa kushoto hadi toleo la 17.10, Oktoba 2017. Hata katika Debian, mfumo endeshi mwingine huria, yenye katiba na utaratibu wa kura, wapiga kura ni waendelezaji waliokubaliwa rasmi kuwa wanachama, si kila aliye nayo kwenye kompyuta yake.

Ipo dhana nyingine, nayo hutoka upande wa watengenezaji: kwamba anayepinga sura mpya ni mtu asiyetaka kujifunza. Hii inaniuma zaidi, kwa sababu inamdharau mtu ambaye ustadi wake umo mkononi. Yule dada alikuwa ameshajifunza. Kilichopotea ni miaka ya mazoea yaliyomwezesha kufanya kazi bila kutazama, na gharama ya kuyajenga upya alitakiwa ailipe yeye, mbele ya wateja wenye haraka. Miradi iliyolielewa jambo hili imefanya badiliko na bado ikamwachia mzoefu nafasi. Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D, kwa miaka mingi ilitumia kitufe cha kulia cha kipanya kuchagua umbo, desturi iliyowashangaza wageni wengi. Toleo la 2.80, lililotoka Julai 2019, liliweka kitufe cha kushoto kuwa chaguo-msingi, yaani kinachotumika usipochagua kingine, lakini mtumiaji anapolifungua kwa mara ya kwanza huulizwa anataka kipi. LibreOffice nayo, kuanzia toleo la 7.1 la mwaka 2021, humwuliza mtumiaji mpya sura anayoipenda. Kasoro ya steshenari yetu ni kwamba aliyejibu swali hilo alikuwa fundi.

Hapo wengi hurukia hitimisho kwamba dawa ni kuweka chaguo kwa kila kitu. Mambo kumi tu yenye majibu ya ndiyo au hapana huzaa michanganyiko 1,024, na hitilafu inaweza kujificha katika mmoja wapo ambao hakuna aliyeujaribu. Mtunzaji anayefanya kazi hiyo usiku, baada ya ajira yake, ana sababu halali ya kukataa.

Kuhusu kelele, watu huamini kwamba zikiwa nyingi vya zamani hurudi, na wengine huamini kwamba kelele hazibadilishi lolote. Historia inaonyesha mambo yaliyochanganyika zaidi. Programu ya kuhariri picha ya GIMP, toleo la 2.8 la Mei 2012, ilitenganisha kuhifadhi na kusafirisha: amri ya kuhifadhi ikabaki kwa muundo wa GIMP wenyewe, na picha ya JPEG ikalazimika kupitia amri ya kusafirisha. Malalamiko yalikuwa makali. Watunzaji walishikilia sababu yao, kwamba picha ikihifadhiwa kama JPEG hupoteza matabaka yake bila mtumiaji kujua, na utaratibu huo haukuondolewa. WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, katika toleo la 5.0 la Desemba 2018 ilileta Gutenberg, kihariri kinachojenga ukurasa kwa vipande. Kihariri hicho hakikurudishwa nyuma, lakini programu-jalizi, yaani nyongeza, ya kurejesha kihariri cha zamani ilitolewa na mradi wenyewe, nayo imewekwa kwenye tovuti zaidi ya milioni 5.

Mfano mzito kuliko yote ni wa Wikipedia ya Kijerumani, inayoendeshwa kwa programu huria ya MediaWiki. Mwaka 2014 jumuiya yake ilipiga kura kukataa kitazamio kipya cha picha kuwa chaguo-msingi, na mkabidhi mmoja, yaani msimamizi aliyechaguliwa na jumuiya, akaandika msimbo wa kukizima kwa watumiaji wote. Mwezi Agosti, Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, ilijibu kwa kuunda ngazi mpya ya ulinzi wa kurasa iliyowazuia hata wakabidhi kuugusa ukurasa wenye msimbo huo. Kuanzia hapo ubishi juu ya picha ulisahaulika. Watu waligombania nani ana neno la mwisho. Ulinzi huo uliondolewa Novemba 2015. Naamini kosa kubwa zaidi lilikuwa kufunga mlango, kwa kuwa kitazamio kibovu hurekebishwa kwa msimbo, lakini wachangiaji wanaojitolea, wakishaona hawaaminiwi, huondoka.

Na wale wanaosema kwamba asiyeridhika achukue msimbo aanzishe mradi wake, wanasema kweli nusu. Haki ipo. GNOME, sura ya eneokazi inayotumika kwenye Linux, ilipotoa toleo la 3 Aprili 2011 na kuondoa paneli zilizozoeleka, baadhi ya watu walichukua msimbo wa GNOME 2 wakaunda MATE, na Linux Mint, mfumo endeshi mwingine, ikatengeneza eneokazi lake liitwalo Cinnamon. Zote mbili zingali hai. Lakini MATE ilirithi pia maktaba za zamani, yaani vipande vya msimbo ambavyo programu hutegemea, na kazi ya kuihamishia yote kwenye maktaba mpya ya GTK 3 ilikamilika mwaka 2017, miaka sita baadaye. Kunakili msimbo huchukua dakika chache, kisha huja miaka ya kuutunza.

Imebaki dhana ya nyumbani, kwamba maoni ya mtu wa Mwenge hayana pa kufika. LibreOffice hupokea ripoti kutoka kwa yeyote mwenye barua pepe, na ingawa lugha inayotumika zaidi humo ni Kiingereza, kinachohitajika ni hatua zilizoelezwa moja moja, si ufasaha. Nilikaa na yule dada saa ya mchana wateja walipopungua, nikamwomba achape barua moja kwa sura ya vichupo bila mimi kusema neno. Barua hiyo ilimtoa kwenye kichupo cha mwanzo hadi cha faili ili atoe nakala, kisha ikamrudisha. Tuliandika safari hiyo kama ilivyo: anachokifanya, anapolazimika kusimama, na mara ngapi kwa siku.