Stika inasema i7, amri inasema nini?

Rafiki akitaka kununua laptopu ya mtumba hunipigia simu nimsindikize dukani. Mimi si fundi wa kufungua mashine. Kazi yangu ni kufungua lile dirisha jeusi la amri (terminal), kuandika amri nne tano zinazouliza mashine ina nini ndani, na kusoma majibu. Katika kusindikiza huko nimesikia mengi kuhusu dirisha hilo, kwa wauzaji na hata kwa watu wa IT. Mengine ni woga tu. Yanayonisumbua zaidi ni yale yenye ukweli nusu.

"Utaiharibu mashine ya watu"

Muuzaji mmoja aliwahi kunisogezea kibodi mbali nilipoanza kuandika. Nilimwelewa, maana sinema zimetuzoesha kuona kila dirisha jeusi ni la wadukuzi. Lakini amri za kuuliza husoma tu, hazibadilishi kitu. `lscpu` (prosesa, yaani ubongo wa kompyuta), `lsblk` (diski) na `free -h` (RAM) kwenye Linux, au `systeminfo` kwenye Windows, unaweza kuziita mara mia na mashine ikabaki ilivyokuwa. Palipo na tahadhari ya kweli ni kwenye chaguo la `-xxx` la amri ya `lspci`, inayoorodhesha vifaa vya ndani: limewekewa root (msimamizi mkuu wa mfumo) peke yake kwa sababu vipo vifaa vinavyoganda vikisomwa sehemu fulani. Dukani hulihitaji.

"Mpaka uingize programu kwanza"

Hapana. Windows huja na PowerShell, dirisha lake la amri, Mac ina `system_profiler SPHardwareDataType`, na Linux huweka taarifa zake wazi ndani ya `/proc`. Kama Windows ya muuzaji imefungwa kwa nenosiri, chomeka flashi yenye Ubuntu (aina ya Linux), washa kupitia hiyo, uchague kuijaribu bila kuisakinisha. Jambo moja tu: masomo mengi bado yanafundisha `wmic`, amri ya zamani ya Windows ya kuuliza vifaa. Microsoft walishaipa mgongo, na katika Windows 11 za karibuni unaweza usiikute kabisa. Mrithi wake ni `Get-CimInstance`.

"i7 ni i7 tu, na CPU nne ni viini vinne"

Hapa ndipo pesa za watu hupotelea. Chukua prosesa mbili za Intel zinazopatikana sana kwenye laptopu za mtumba zilizotoka maofisini: i7-6600U ya mwaka 2015 na i5-8250U ya mwaka 2017. Kwa stika, ya kwanza ni kubwa. Kwa `lscpu`, ile i7 ina viini 2 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi) na nyuzi 4, na ile i5 ina viini 4 na nyuzi 8. Kwa kazi nyingi za pamoja, i5 inaiacha i7 mbali. Namba ya 7 au 5 hulinganisha ndugu wa kizazi kimoja, na kizazi chenyewe umekisoma kwenye tarakimu ya kwanza baada ya kistari: 6 kwa ile, 8 kwa hii.

Sasa, ukisoma mstari wa `CPU(s): 4` usishangilie. Hizo ni nyuzi, yaani foleni za kazi ambazo mfumo unaziona. Shuka mistari michache hadi `Core(s) per socket` na `Thread(s) per core`. Kama ni 2 na 2, una viini viwili vinavyohudumia foleni mbili mbili. Na `systeminfo` ya Windows haikusaidii sana hapa, kwani hukuandikia mambo kama "Family 6 Model 142" bila kutamka i5 wala i7. Uliza hivi: `Get-CimInstance Win32_Processor | Select Name, NumberOfCores, NumberOfLogicalProcessors`.

Wengine huandika `uname -m`, wakaona `i686`, wakahukumu kwamba mashine ni ya biti 32. Amri hiyo inaeleza mfumo unaoendeshwa muda huo. Prosesa ya biti 64 inaweza kabisa kuwa imewekewa mfumo wa biti 32. Mstari wa `CPU op-mode(s)` kwenye `lscpu` ndio wenye jibu.

"RAM imeibiwa, diski imepunjwa"

Umeambiwa GB 8, `free -h` inasema 7.6. Hakuna aliyeiba. Sehemu ya kumbukumbu hutengwa kabla mfumo haujaanza kuihesabu, na kadi ya picha iliyo ndani ya prosesa hukata fungu lake humo humo. Safu ya `free` nayo isikutie hofu ikiwa ndogo. Linux hutumia RAM iliyolala kuhifadhi mafaili yaliyosomwa karibuni, kisha huiachia ikihitajika. Tazama safu ya `available`.

Diski ni hesabu tupu. Kiwanda huhesabu kwa elfu, kompyuta nyingi huhesabu kwa 1,024. Ndiyo maana GB 256 husomeka kama 238, na GB 500 kama 465. Swali lenye maana zaidi ni kama diski ni SSD au ya kuzunguka: `lsblk -d -o NAME,SIZE,ROTA,MODEL`. ROTA ikiwa 0 haizunguki, ikiwa 1 inazunguka. Ila SSD iliyochomekwa kwa USB huweza kuonyesha 1, kwa hiyo soma na modeli.

"Amri haidanganyi"

Hili nililiamini mwenyewe kwa muda mrefu. Kweli, amri haidanganyi, ila yenyewe ni tarishi: inaleta neno ililopewa na mwingine. Kwa hiyo ukisoma jibu, jiulize limetoka kwa nani.

`lscpu` ukiiendesha kutoka kwenye flashi yako inamuuliza prosesa mwenyewe, na huyo ni shahidi mzuri. Jina la prosesa kwenye ukurasa wa Mfumo wa Windows hupitia kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), na mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika humo jina alipendalo. `dmidecode` inasoma jedwali alilojaza mtengenezaji ndani ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine), na mwongozo wake wenyewe unaonya kwamba taarifa hizo mara nyingi si sahihi au hazijakamilika. Hata hivyo siiachi: `sudo dmidecode -t memory` hunionyesha kama RAM ni kipande kimoja cha GB 8 au viwili vya 4, na kama kuna nafasi ya kuongeza.

Wakati mwingine mkosaji ni tarishi mwenyewe. Ukiuliza `Win32_VideoController` kumbukumbu ya kadi ya picha, kisanduku cha jibu ni cha biti 32, hakipokei zaidi ya GB 4. Kadi ya GB 8 itaonekana kama ya 4, na mwenye nayo akaenda kugombana dukani bure. Flashi bandia ni kinyume chake: kidhibiti chake kimefundishwa kusema ina nafasi kubwa, na `lsblk` itarudia uongo huo neno kwa neno. Hiyo haihojiwi, inajazwa data na kusomwa tena, kazi ambayo programu ya f3 hufanya vizuri.

"Kikionekana kwenye orodha, kinafanya kazi"

`lspci` itakutajia kadi ya Wi-Fi hata kama haina draiva, yaani programu ya kuiendesha. Ongeza `-k`, utafute `Kernel driver in use`. Mstari huo usipokuwepo, kadi ipo lakini hakuna anayeiendesha.

"Betri ni nzima, inaonyesha asilimia 100"

Asilimia 100 ya nini? Kwenye Windows andika `powercfg /batteryreport`, ufungue faili la `battery-report.html` litakalotengenezwa. Linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa ikijaa. Kama ilitoka na mWh 50,000 na leo inajaa 30,000, imebaki asilimia 60, hata alama ya kwenye skrini iseme 100. Kwenye Linux namba hizo kwa kawaida zipo ndani ya `/sys/class/power_supply/BAT0`.

Nayo ripoti hiyo ni maneno ya chipu iliyo ndani ya betri. Mimi nikishaisoma huchomoa chaja, nikafungua video, nikapiga soga na muuzaji dakika ishirini huku jicho likiwa kwenye asilimia. Wauzaji wengine huanza kushusha bei kabla hazijaisha.